Majengo mapya yanaongezeka kila mwaka, mbona kodi ya pango haishuki?

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Kuna jambo ambalo limenitatiza kwa muda mrefu, na ningependa kulipatia maelezo kutoka kwa watu wanaolijua soko la nyumba kwa undani, kwa sababu pole nimekwisha kupewa za kutosha.

Nimepanga chumba kimoja na sebule kwa miaka 7 sasa. Katika muda huo majengo 3 ya ghorofa yamesimama mbele ya dirisha langu, na lile la mwisho lina madirisha 60 upande unaonitazama. Juzi usiku, nilipokuwa nikisubiri maji yachemke, niliyahesabu yaliyokuwa na taa nikapata 11. Bango la kupangisha limetundikwa pale tangu jengo lifunguliwe, na maandishi yake mekundu yameanza kupauka kwa jua. Kesho yake asubuhi nikakuta barua imepenyezwa chini ya mlango wangu: mwenye nyumba anapandisha kodi kwa asilimia 12 mkataba utakapoisha. Kwa sasa kodi inachukua asilimia 38 ya mshahara wangu baada ya makato, na nyongeza hiyo itaifikisha karibu asilimia 43, kabla sijalipa umeme, maji wala nauli.

Tangu shuleni tumefundishwa kwamba bidhaa ikijaa sokoni bei yake hushuka. Mbona nyumba hazifuati kanuni hiyo? Swali langu la pili linatokana na dalali mmoja aliyeniambia kwamba kulipa pango ni kumwaga maji mchangani, na kwamba ni heri nikope benki ninunue nyumba yangu mwenyewe. Nyumba inayolingana na hii ninayoishi inauzwa kwa bei iliyo sawa na kodi ya miaka 24. Je, nimsikilize?

Mthamini wa Majengo alijibu:

Ndugu Mpangaji, swali lako la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana, na hata sisi tunaokula kwa kuthamini majengo hulijibu vibaya mara nyingi. Kosa huanzia kwenye neno "nyumba" lenyewe. Anayenunua nyumba mjini hununua vitu viwili vilivyofungwa pamoja, yaani jengo na kiwanja kilicho chini yake. Jengo huchakaa: bati hushika kutu, mabomba hupasuka, plasta humeguka, na thamani yake hupungua mwaka hadi mwaka kama ya gari. Kinachopanda bei ni kiwanja, maana kiwanja ndicho kinachobeba ule ukaribu wa kazi, shule, hospitali na barabara, na ukaribu haufyatuliwi kama matofali.

Tazama Japani. Takwimu za nyumba za mwaka 2023 zilionyesha kwamba nchi hiyo ilikuwa na nyumba tupu takriban milioni 9, karibu asilimia 14 ya nyumba zote, na baadhi ya nyumba hizo za vijijini huuzwa kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, katika mwaka huohuo bei za nyumba mpya katikati ya Tokyo zilikuwa zikipanda. Nyumba zilikuwepo tele, ila hazikuwepo mahali ambapo watu walizihitaji.

Sasa nije kwenye madirisha yako 49 yenye giza. Kwanza nikutahadharishe kwamba taa si sensa. Wengine walikuwa kazini zamu ya usiku na wengine walikwisha kulala. Lakini tuseme ni kweli sehemu kubwa ya jengo ni tupu, na uulize kwa nini mwenye jengo hashushi kodi ili wapangaji wamiminike. Thamani ya jengo la kupangisha hukokotolewa kutokana na kodi linayoingiza. Ikiwa wawekezaji wa mahali hapo wanaridhika na pato la asilimia 5 kwa mwaka, jengo linaloingiza 100 kwa mwaka huhesabiwa kuwa na thamani ya 2,000. Mwenyewe akishusha kodi zote ili liingize 90, thamani inashuka papo hapo hadi 1,800, na benki iliyolishika jengo kama dhamana itamtaka maelezo. Chumba kitupu, kwa upande wake, kinaweza kuelezwa katika ripoti kuwa ni hali ya mpito tu, na nimeziona ripoti ambazo mpito wake ulidumu miaka mitatu. Ndiyo maana wenye majengo makubwa hupendelea kutoa miezi ya bure, au kulipia gharama za kuhama, kuliko kugusa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Ushauri wangu ni kwamba uvuke barabara ukaulize, na usiulize kodi ni kiasi gani bali uulize wanatoa miezi mingapi bila malipo.

Kuhusu kanuni ya shuleni, bado inafanya kazi, ila unapaswa kuhesabu kaya na si vichwa. Mji wa watu 1,000,000 wanaoishi wanne wanne unahitaji nyumba 250,000. Watu walewale wakianza kuishi wawili na nusu kwa kaya, kwa sababu vijana wanachelewa kuoa na kuolewa, ndoa zinavunjika na wazee wanabaki peke yao, mji utahitaji nyumba 400,000, ingawa hajaongezeka hata mtu mmoja. Nchini Ujerumani takriban kaya 4 kati ya kila 10 zina mtu mmoja tu. Majengo 3 mbele ya dirisha lako yanaweza kuwa mengi machoni na yasitoshe hata kufidia mabadiliko hayo.

Mwisho, jengo jipya halimsaidii mtu wa kipato cha chini moja kwa moja. Anayehamia ndani yake ni mwenye uwezo, na anachokiacha nyuma ndicho kinachokuwa na maana: nyumba yake ya zamani hupata mpangaji mwingine, naye huacha yake, na mnyororo unaendelea. Watafiti waliofuatilia kumbukumbu za wakazi wa Helsinki walibaini kwamba mnyororo huo hufika hadi mitaa ya kipato cha chini ndani ya miaka michache. Unafika, lakini kwa mwendo wake, na barua iliyo chini ya mlango wako haina subira hiyo.

Karani wa Mikopo (mstaafu) alijibu:

Mimi nitajibu la pili, kwa sababu nilikaa upande wa pili wa ile meza kwa miaka mingi na nilishuhudia watu wengi wakitia saini bila kusoma jedwali la marejesho.

Chukua mkopo wa 100,000 wa miaka 25, kwa fedha yoyote uitakayo. Riba ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, rejesho la kila mwezi ni 528. Riba ikiwa asilimia 8, rejesho ni 772. Riba ikiwa asilimia 15, kama ilivyo katika nchi nyingi ambazo akiba za muda mrefu ni chache na mfumuko wa bei hautabiriki, rejesho ni 1,281, na mpaka mwisho mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya 384,000 kwa nyumba ya 100,000. Nyumba ni ileile, mlango ni uleule. Watu hubishana juu ya bei ya nyumba kana kwamba ndiyo wanayoilipa, kumbe wengi wetu hulipa bei ya mkopo.

Sasa lisome jedwali la ule wa asilimia 8. Katika rejesho la kwanza la 772, kiasi cha 667 ni riba na 105 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka 10 mkopaji ameshalipa kama 92,600, lakini deni lililobaki ni karibu 80,800. Kwa hiyo dalali akikuambia kwamba pango ni maji yaliyomwagwa mchangani, muulize riba inamwagwa wapi. Usisahau pia ukarabati, bima, kodi ya majengo na ada za kuhamisha hati, ambavyo mpangaji havimgusi moja kwa moja.

Kipimo cha haraka ni hiki. Umesema bei ni sawa na kodi ya miaka 24. Gawanya 100 kwa 24, utapata 4.2, hiyo ndiyo asilimia ya bei unayoilipa sasa kila mwaka kama mpangaji. Tuseme unatoa asilimia 20 ya bei taslimu na kukopa iliyobaki kwa riba ya asilimia 8. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake itakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya kodi yako ya mwaka, na deni hujaligusa. Kazini tulizoea kusema kwamba uwiano wa bei kwa kodi ya mwaka, ambao kwako ni 24, ukiwa chini ya 15, mwenye ajira ya uhakika anunue. Ukizidi 20, awe na sababu nyingine nzuri ya kununua. Sababu hizo zipo na wala sizidharau. Mtu mwenye watoto wanaosoma karibu, ambaye hataki kuhamahama kila barua inapopenyezwa mlangoni, ananunua utulivu, na utulivu una bei yake halali. Lakini anayekusudia kuhama ndani ya miaka mitano asijisumbue kabisa, kwa maana gharama za kununua na kuuza zitameza faida yote.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi lilinishangaza. Nchini Marekani riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa karibu asilimia 3 mwaka 2021, na kufikia Oktoba 2023 ilikuwa imekaribia asilimia 8. Sisi wa shule ya zamani tulitarajia bei ziporomoke, kwa kuwa wanunuzi walipoteza nguvu kubwa ya kukopa. Hazikuporomoka. Waliokwisha kukopa kwa asilimia 3 walikuwa na riba isiyobadilika hadi mwisho wa mkopo, na hakuna mwenye akili timamu anayeuza nyumba yenye mkopo wa asilimia 3 ili akanunue nyingine kwa asilimia 8. Wakakaa palepale, nyumba za kuuzwa zikaadimika, na bei zikasimama juu. Usingoje bei ishuke kwa sababu tu riba imepanda.

Mama Mwenye Nyumba alijibu:

Naandika kama mshitakiwa, maana mimi ni mmoja wa hao wanaopenyeza barua chini ya milango.

Sina jengo la madirisha 60. Nina nyumba 4 ndogo nilizoachiwa na marehemu mume wangu, na ndizo pensheni yangu. Mwaka jana pampu ya maji iliungua, na fundi aliponiletea bei ya mpya nilikaa chini. Nyumba moja ilikaa tupu miezi 2 baada ya mpangaji kuondoka usiku na funguo. Miezi 2 kati ya 12 ni sehemu ya sita ya mapato ya mwaka ya nyumba hiyo, na rangi pamoja na vitasa nilivinunua juu ya hasara hiyo. Watu hudhani kwamba mwenye nyumba hukaa na kalamu akitunga kiwango cha kodi. Ukweli ni kwamba mimi humpigia dalali, dalali ananiambia "wenzako wanachukua kiasi hiki", nami nachukua kiasi hicho. Dalali naye hulipwa kwa mafungu ya kodi, kwa hiyo sijamsikia hata mara moja akiniambia kwamba kodi imeshuka.

Mwanangu Mpangaji, nikupe siri ya upande wetu. Umekaa miaka 7. Kama umelipa kwa wakati na hujavunja sinki la watu, wewe una thamani kuliko asilimia 12, kwa kuwa ukiondoka mwenye nyumba atapoteza mwezi mmoja au miwili ya utupu, udalali na rangi, na huyo ajaye hamjui. Mwandikie kwa heshima, mweleze kwamba unataka kukaa, na umpendekezee mkataba wa miaka 2 kwa nyongeza ndogo ambayo haitabadilika katikati. Mimi ningekubali asubuhi hiyohiyo. Wapangaji wengi hulalamika kwa majirani na hawamwandikii mwenye nyumba hata mstari mmoja.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu alijibu:

Mama, shikamoo, na asante sana. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Mzee Karani, jedwali lako nimelinakili. Niulize jambo moja zaidi: kama kila mwenye nyumba anamsikiliza dalali na kila dalali ananufaika na kupanda kwa kodi, kwa nini serikali zisiweke tu kikomo cha kodi? Nasikia kuna miji iliyofanya hivyo.

Mwanamipango Miji alijibu:

Ipo, na matokeo yake yanafundisha kuliko nadharia, ingawa kila upande huchagua mji unaoupendeza na kuiacha mingine.

Berlin iliweka kikomo cha kodi mwezi Februari 2020. Waliokuwa tayari ndani ya nyumba walinufaika, lakini matangazo ya nyumba za kupangisha yalipungua kwa kiasi kikubwa, na aliyekuwa akitafuta nyumba mpya akajikuta kwenye msururu mrefu kuliko zamani. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitangaza kuifuta sheria hiyo, kwa hoja kwamba mamlaka ya jambo hilo yalikuwa ya shirikisho na si ya jimbo. San Francisco ilipanua udhibiti wa kodi mwaka 1994 hadi kwenye majengo madogo ya zamani. Wachumi waliochunguza matokeo yake walikuta kwamba wapangaji waliolindwa walidumu zaidi katika nyumba zao, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa. Lakini wamiliki wa majengo yaliyoguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakizigeuza kuwa za kuuzwa au kuzijenga upya. Stockholm ina foleni rasmi ya nyumba za kupanga, na wastani wa kusubiri ndani yake ni takriban miaka 9. Kwa hiyo kikomo humlinda aliye ndani na kumfungia mlango aliye nje. Wewe uko ndani leo. Ukipata kazi upande mwingine wa mji utakuwa nje.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba soko liachwe lijipange lenyewe. Vienna haikuacha. Kuanzia mwaka 1923 mji huo ulitoza kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, wenye majumba makubwa wakilipa kiasi kikubwa mno kuliko wenye vyumba vidogo, na fedha hizo zikajenga makazi ya wafanyakazi. Moja ya majengo hayo, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa mwaka 1930 likiwa na nyumba 1,382 na urefu unaozidi kilomita moja, na watu wanaishi humo hadi leo. Sasa mji unamiliki nyumba takriban 220,000, na karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za mji au za vyama visivyolenga faida kubwa. Jambo linalosahaulika katika mfano huu ni muda: Vienna imejenga kwa karne nzima na haikuuza nyumba zake pale miji mingine ilipokuwa ikiuza.

Singapore ilikwenda njia nyingine. Shirika lake la nyumba lilianzishwa mwaka 1960, dola ikajipatia ardhi kwa sheria kali ya mwaka 1966, na leo karibu wakazi 8 kati ya 10 wanaishi katika nyumba za shirika hilo, wengi wao wakiwa wamezinunua kwa hati ya miaka 99. Ukiuangalia mfano huo kwa makini utarudi kwenye maneno ya Ndugu Mthamini: waliidhibiti ardhi kwanza, majengo yakafuata. Nchi inayotaka kujenga nyumba za bei nafuu juu ya ardhi iliyokwisha kununuliwa na walanguzi itajikuta inawalipa walanguzi na kuziita fedha hizo ruzuku ya makazi.

Kuna pia njia ambayo haigharimu hazina sana, nayo ni kuondoa makatazo. Katika miji mingi sheria za mipango hukataza kujenga chochote zaidi ya nyumba moja ya familia moja kwenye kiwanja, hata mahali ambapo basi na treni zinapita mlangoni. Mwaka 2016 Auckland iliruhusu ujenzi wa msongamano mkubwa zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi, na vibali vya nyumba za kuungana na za ghorofa vikaongezeka mno katika miaka iliyofuata. Wanaopinga mabadiliko ya namna hii kwa kawaida ni wakazi waliokwisha kumiliki, na ndio wanaohudhuria mikutano ya mipango jioni. Anayehitaji nyumba hiyo bado anaishi kwingine na hana kiti mkutanoni.

Mkazi wa Pembezoni alijibu:

Naomba niongeze uzoefu wangu, kwa sababu najua hatua itakayofuata katika mawazo ya Ndugu Mpangaji ni kuhamia mbali na mjini.

Mimi nilihama. Kodi ilishuka kwa theluthi moja na nikapata chumba cha ziada na mti wa kivuli. Kisha nikaanza kuweka kumbukumbu kwenye daftari: safari ya kwenda na kurudi kazini ilinichukua saa 2 na dakika 20 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 51 kwa mwezi, zaidi ya siku 6 za kazi za saa nane, nikiwa nimesimama ndani ya basi nimeshika bomba. Nauli peke yake ilimeza nusu ya nilichookoa kwenye kodi. Kile kipimo cha asilimia 30 ya kipato, ambacho kimeenea duniani kwa kiasi fulani kutokana na sheria za makazi ya umma za Marekani, zilizoweka asilimia 25 mwaka 1969 na kupandisha hadi 30 mwaka 1981, hakihesabu nauli hata kidogo. Ukijumlisha pango na usafiri ndipo utakapojua nyumba yako inakugharimu nini.

Kilichoniokoa ni kwamba mwajiri wangu sasa anaturuhusu kufanya kazi nyumbani siku 3 kwa juma. Kwa siku 2 za safari ninafaidika kwa kweli; kwa siku 5 nilikuwa nikijidanganya. Na tahadhari moja: ruhusa hiyo haimo kwenye mkataba wangu wa ajira, bali ni hisani ya mkuu wa idara, na wakuu wa idara hubadilika.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu alijibu:

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyoniagiza na ninaleta taarifa.

Jumamosi nilivuka barabara. Kijana wa mapokezi alinitajia kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye bango, bila kupepesa. Nikamuuliza swali la Ndugu Mthamini kuhusu miezi ya bure, naye akaangalia mlangoni kwanza, kisha akafungua droo na kutoa karatasi nyingine: anayesaini mkataba wa miezi 12 analipa 10 tu. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba hilo ni punguzo la karibu asilimia 17, wakati bango lipo palepale halijabadilika herufi. Kumbe kodi ilikuwa imeshuka mbele ya dirisha langu na mimi nahesabu taa. Hata baada ya punguzo hilo jengo lile bado ni ghali kwangu, na kijana alikiri kwamba mwaka wa pili hakuna mwezi wa bure, kwa hiyo sihamii.

Jioni nilimwandikia mwenye nyumba wangu kwa maneno ya Mama, nikaambatanisha risiti zangu za miaka 7 na nikataja, kwa heshima, ile ofa ya jirani. Amejibu kwamba atakubali asilimia 5 kwa mkataba wa miaka 2 usiobadilika. Nimemjibu kwamba nitasaini mara tu fundi atakapoziba bomba la bafuni linalovuja tangu mwezi wa tatu, na nimeomba jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba.

Kuhusu kununua, nimemwambia dalali kwamba nitarudi kwake uwiano ukishuka chini ya 15. Amenijibu kwamba hajawahi kusikia uwiano huo.